Mwisho Uliosomwa Munigi

Kofi moja. Viganja viwili vya mwanamke vilikutana mara moja chini ya turubai kule Munigi, kisha kimya. Tangu siku ile Mama Nsimire amesikia sauti nyingi kubwa kuliko hiyo: mizinga upande wa kaskazini, helikopta zikipita chini chini juu ya mabati ya Murara, mlima wenyewe ukinguruma. Zote zimechakaa masikioni mwake. Kofi lile halijachakaa. Humjia akiwa anachambua maharagwe, mikono yake ikasimama juu ya ungo, na mtu akimwuliza ana nini hujibu kwamba ameona kijiwe.

Aliyepiga kofi hilo aliitwa Kaswera. Alilipiga kwa furaha, na hapo ndipo penye ubaya.

Nsimire hakuzaliwa Goma. Alizaliwa upande wa Bukavu, kwenye milima ya Walungu, kwa baba aliyekuwa karani wa shamba la chai. Baba huyo alimfundisha hati nzuri kabla hajamfundisha kitu kingine chochote, akimshika kidole na kukipitisha juu ya herufi kama mtu anayemwonyesha mtoto njia ya kisimani. Aliolewa na Cirimwami, mpiga taipu, wakahamia Goma, wakakaa Murara, na kwa kuwa hati yake ilipendwa, parokia ilimpa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo. Nyuma ya ofisi ya vyeti palikuwa na chumba chenye rafu mbili za vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa. Akaomba ufunguo. Tangu hapo watu wa mtaani wakaacha kumwita kwa jina. Wakamwita Mama Bitabu.

Mwaka wa 2002, lava ilipoteremka mjini, alitoka na magunia mawili ya vitabu kichwani na mgongoni. Cirimwami hakumwacha apumzike na jambo hilo mpaka alipokufa. Kila mgeni alipofika alimwambia, "Muke yangu alikimbia na bitabu. Mimi nilikimbia na kitanda. Sasa umuulize, ye analalaka juu ya nini?" Na Nsimire alikuwa akicheka na kujibu kwamba analala juu ya kitanda cha mume wake, na mume wake anasoma vitabu vyake, basi wako sawa.

Riwaya za pwani ziliingia miaka minne baadaye, kwa makosa. Papa Luc, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akifuata bidhaa zake hadi bandarini Mombasa, alikuta duka la vitabu linafungwa, akanunua katoni nzima kwa ajili ya parokia. Katoni ilipofunguliwa, zikatoka riwaya kumi na nane, zote za Kiswahili, zote za pwani, na karibu zote zina mnazi kwenye jalada.

"Niliona muti," Papa Luc alijitetea, akikuna shingo. "Nikasema, iyi ni bitabu bya agronomie. Batoto ya parokia batajua kulima."

"Batajua kulima minazi," akasema Nsimire.

"Mutu hajui fasi vita itamufikisha, mama."

Bibliotheke ile, yaani maktaba ya parokia, ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo aliianzisha Nsimire mwenyewe. Nyuma ya kila kitabu aligandisha karatasi ya daftari yenye mistari. Hukupewa kitabu cha pili kabla hujaandika neno lako juu ya kile cha kwanza, na chini ya neno hilo jina lako na mtaa wako. Asiyejua kuandika alisema, naye Nsimire akaandika kwa hati yake ya vyeti. Neno halikufutwa, liwe zuri au liwe la matusi. Padri mmoja alitaka kuchana karatasi iliyomsema mtakatifu fulani kwamba alikuwa mvivu. Nsimire alimkatalia kwa heshima, akamwambia kwamba mtakatifu amevumilia makubwa zaidi ya hayo.

Vitabu vingine vilipata neno moja kwa mwaka. Riwaya za pwani zilijaza karatasi, zikagandishiwa nyingine, na nyingine. Watu wa Goma walizisoma kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani tajiri kupitia uwazi wa ua: kwa hamu, na kwa hasira kidogo.

Mwalimu mstaafu aliandika: "Nimehesabu. Jua limewaka mara mia na kumi na nne. Mvua imenyesha mara moja, na hata hiyo ilikuja ili wapenzi wapate kukimbilia barazani." Muuza viazi wa mtaa wa Virunga alimwambia Nsimire amwandikie hivi: "Katika kitabu hiki hakuna mtu hata mmoja anayebeba godoro. Wana bahati." Seremala Bashige, mtu wa maneno machache, aliandika: "Milango inasifiwa sana kwa nakshi yake. Hakuna aliyesema inafungwa na nini." Msichana wa shule ya sekondari aliandika: "Mchanga mweupe. Huku hata vumbi lina rangi ya makaa. Nimelia, sijui kwa nini." Na mtu mmoja ambaye hakutia jina, jambo lililokatazwa, aliuliza kwa penseli: "Bahari haina ng'ambo. Wakimbizi wao wanakimbiliaga wapi?"

Nsimire alizipenda riwaya hizo kuliko wote, na hakuandika neno lake hata katika moja. Alisema mwenye bibliotheke hapaswi kupendelea. Ukweli ni kwamba alimwonea haya yule Nsimire aliyekaa akisoma habari za jua huku mvua ya Murara ikipiga bati, akahisi mgongo wake unapata joto.

Kulikuwa na kimoja kilichopoteza jalada kwa kushikwashikwa, hata watu wakasahau jina lake, wakakiita Kitabu cha Kiti. Kilikuwa kisa cha Mishi, mwanamke wa mji mdogo wa pwani ambaye mume wake aliondoka kwenda kutafuta kazi katika bandari ya mbali. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha zikakoma. Kila asubuhi Mishi alitoa kiti cha mume wake nje, akakiweka barazani juani, na kila jioni akakirudisha ndani, ingawa majirani walimwambia aache. Kurasa mia mbili na zaidi zilikuwa hivyo. Ernestine, jirani wa Nsimire aliyekuwa akishona nguo mtaani, aliandika: "Miaka sita anatoa kiti na kuingiza kiti. Nani alikuwa analima?"

Basi mwaka wa 2012 ukafika. Katikati ya mwaka, vita viliposhuka kwa njia ya Rutshuru, watu walikuja kwa miguu na mbuzi na masufuria mpaka wakajaza Munigi yote, pembeni mwa mji, juu ya mawe ya lava yanayokata viatu. Parokia ilipeleka uji wa watoto. Uji ulikuwa unachelewa kuiva, akina mama walikuwa wanagombania foleni, na mmoja wa wapishi akamwomba Mama Bitabu aje na kitu cha kuwatuliza. Akaja na Kitabu cha Kiti, kwa sababu kilikuwa na sura fupi.

Hapa ni lazima ieleweke alivyokuwa akisoma. Kiswahili cha kitabu kilikuwa kile cha pwani, kilichofuliwa na kupigwa pasi, na wanawake wale waliposikia mistari miwili ya kwanza walimtazama kama wanaotazama mtangazaji wa redio. Basi Nsimire akawa anapitisha macho kwenye mistari na kuwatolea kwa Kiswahili cha kwao, cha Goma na Rutshuru, sentensi kwa sentensi, bila kusimama. Macho yalikuwa pwani na mdomo ulikuwa Munigi. Hakuna mwingine aliyeshika kitabu. Neno la Nsimire ndilo lililokuwa kitabu.

Wanawake walikuwa arobaini, wakati mwingine zaidi, chini ya turubai moja. Hawakujua kusikiliza kimya.

"Iyi jua ya mu kitabu," alikatiza siku ya kwanza mama mmoja mtu mzima aitwaye Donatille, mwenye kinywa kikali, "haibape kichwa kuuma?"

"Mwache mama asome," wakasema wengine.

"Niache aje? Tangu tukae hapa tuko mu jua, na mutu hajapika hata kiazi."

"Banakula samaki, Donatille. Alishasema."

"Samaki bila bugali? Ndiyo maana bwana yake alikimbia."

Turubai zima lilicheka, na Nsimire naye akacheka, akakosa mstari wake.

Kaswera alikuwa akikaa mbele kabisa. Alikuwa Mnande aliyeolewa Kalengera, kijiji cha njia ya Rutshuru, mrefu, mwenye koti la kiume lililokuwa la mume wake. Mume huyo, Donat, alibaki nyuma kutoa maharagwe ya mwisho shambani. Alimwambia, tangulia na mtoto, ninafuata kesho. Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Mtoto wao mmoja, Wivine, wa miaka tisa, alikuwa amepelekwa Murara kwa Ernestine, yule mshonaji, aliyekuwa ndugu ya Kaswera kwa upande wa mama. Kaswera mwenyewe alikataa kushuka mjini. Alisema Munigi ni karibu zaidi na njia.

Hakucheka na wengine wala hakukatiza. Aliuliza swali moja tu, katika siku zote zile.

"Mama, ule Mishi, mulango anafungaka, ao anaachaka wazi?"

Nsimire alitazama kitabu. Alijua hakisemi. Kilisema habari za kiti tu.

"Kitabu haisemi, mama Kaswera."

"Ingesema," akajibu Kaswera. "Iyo ni kitu ya maana."

Siku ya sura ya mwisho ilifika katika mwezi wa kumi. Nsimire alikuwa ameisoma sura hiyo mara nne au tano maishani mwake, na alijua inavyokwisha: Mishi anazeeka, anauza nyumba, anapanda basi la asubuhi na begi moja, na mwandishi anamalizia kwa kiti kitupu kilichobaki barazani, jua likikipasha moto kama kawaida. Alikuwa akiupenda mwisho huo. Alikuwa akiuona mzuri, safi, kama glasi iliyosuuzwa. Kule Murara, kitandani, mume wake akiwa hai pembeni yake, ulikuwa mzuri kweli.

Asubuhi ile watu watatu walikuwa wamefika kutoka upande wa Kalengera, na hakuna kati yao aliyekuwa na habari za Donat. Mmoja alisema wanaume wengine walichukuliwa kubebeshwa mizigo ya wanajeshi. Kaswera alisikia, akashukuru, akaja kukaa mahali pake pa mbele. Nsimire alisoma. Mishi akazeeka. Donatille akasema, "Nilibaambia, ule mwanaume alioa kule siku mingi." Hakuna aliyecheka. Nsimire akafika kwenye ukurasa wa mwisho, akainua macho ili apumue, akakutana na macho ya Kaswera.

Macho yake yalirudi chini yakaona kiti kitupu. Mdomo wake ukamketisha mtu juu yake.

Hakujua kama ana uwezo huo. Maneno yalikuja bila kutafutwa, yakiwa na umbo lao tayari. Alisema kwamba siku moja, saa sita ya mchana, mwanaume mmoja mwenye ndevu nyeupe alipita njiani, akasimama, akaingia barazani, akakaa kwenye kiti, akaomba maji. Alisema kwamba Mishi alitoka na maji akamtambua kwa namna anavyoshika kikombe. Na alipomwuliza amejuaje kwamba nyumba bado ni yao baada ya miaka yote ile, yule mwanaume alijibu: "Nilikuta mulango iko wazi."

Hapo ndipo Kaswera alipopiga kofi lake moja.

Kisha, kwa kuwa desturi ni desturi, na Nsimire alizoea kusema kwamba aliyesikia naye amesoma, waliandikiwa maneno yao kwenye karatasi ya nyuma. Donatille alisema: "Amerudi, lakini angeleta hata kitenge." Mwingine akasema: "Mungu wa watu wa pwani hachelewi sana." Kaswera alisema: "Nimefurahi. Nyumba isifungwe." Nsimire aliyaandika yote kwa hati ya vyeti vya ubatizo. Alirudi Murara siku hiyo akiwa mwepesi, kama mtu aliyetoa sadaka.

Wiki mbili baadaye alipeleka kitabu kingine Munigi. Mahali pa mbele palikuwa wazi.

"Kaswera wako alipanda," Donatille akamwambia Nsimire.

"Alipanda wapi?"

"Kalengera. Alisema bwana yake akifika akute mulango imefungwa, atapita kama mugeni. Alienda kufungua."

"Lakini kule kuna vita."

"Tulimwambia. Alisema hata mu kitabu walimwambia Mishi."

Wanawake walikuwa wanangoja kusomewa. Nsimire alifungua kitabu kipya akasoma, na kwa mara ya kwanza alisoma kila kitu kama kilivyoandikwa, hata pasipokuwa na ladha.

Mwezi uliofuata Goma yenyewe ilichukuliwa, watu wa Munigi wakatawanyika, turubai likaondoka na upepo au na mtu. Vita vilipotulia, Nsimire aliwaza kupanda Kalengera. Safari si ndefu. Pikipiki hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mwaka huo alikuwa na vyeti vingi. Mwaka uliofuata goti lilimuuma. Mwaka wa tatu alisikia kwa Ernestine kwamba Kaswera ni mzima, analima, Donat hajaonekana, na mlango wa mbele hufungwa saa ya kulala tu. Ernestine alilisema kwa kucheka kidogo, kama mtu anayeeleza tabia ya ndugu. Nsimire akasema, "Ee, kumbe," akaomba mkasi.

Kitabu cha Kiti kiliendelea kuazimwa. Lakini sasa wasomaji wake walikuwa na mambo mawili mikononi, mwisho uliochapwa na karatasi ya nyuma, na mambo hayo hayakuelewana. Mwanafunzi wa chuo aliandika: "Sielewi. Mbona akina mama wa Munigi wanasema mwanaume alirudi?" Chini yake mwingine akajibu: "Labda walisoma chapa nyingine." Wa tatu akaandika: "Naomba chapa hiyo." Siku aliyosoma neno hilo la tatu, Nsimire alikitoa kitabu kwenye rafu, akakipeleka nyumbani, akakiweka ndani ya sanduku chini ya vitenge vyake. Wasomaji walipokiuliza, alisema kimepotea. Katika miaka yote ya bibliotheke, ndicho kitabu pekee alichowahi kukiiba.

Mwaka wa 2023, vita vikiwa vimerudi kwa njia ileile na watu wamejaa tena juu ya mawe yaleyale, Kaswera alifariki dunia. Hakupigwa risasi. Kijiji kilikimbia, wauguzi wa kituo cha afya wakakimbia, yeye akakataa kuondoka, akashikwa na homa, akafa peke yake. Majirani waliorudi kuangalia mashamba walimkuta. Mlango ulikuwa wazi.

Wivine alifika kwa Nsimire siku tatu kabla ya arobaini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini sasa, mrefu kama mama yake, yuko mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi. Alikaa kwenye stuli ndogo ya jikoni, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mama Bitabu, ninakuja kukuomba kitu."

"Sema, mutoto yangu."

"Siku ya mosi, ile ya arobaini, tunaondoa kilio, kwa mama Ernestine. Batu ya Kalengera batakuya, bale bako ku kambi. Kila mutu ataleta neno juu ya mama. Mimi ninataka kusoma ile kitabu ya Mishi. Ile mwisho. Mama alikuwa anatusimuliaka ile kila nikienda likizo. Bote kule banaijua."

Nsimire alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Ile kitabu ilipotea."

"Ilipotea?"

"Siku mingi."

Wivine aliinamisha kichwa. Hakulia, alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. "Basi haina neno," akasema. Kisha uso ukachangamka kidogo. "Ama ukuye wewe, mama. Useme tu vile ulisoma kule Munigi. Bale bamama ya Munigi bangine bako bazima. Itakuwa hata muzuri kupita."

Ilikuwa njia pana, na Nsimire aliiona yote mpaka mwisho wake. Angeweza kusimama katika ua wa Ernestine, mbele ya watu wa Kalengera, akamketisha yule mwanaume kwenye kiti kwa mara ya pili. Watu wangefuta machozi. Msichana angebaki na mama aliyengoja kwa sababu njema. Na baada ya hapo kila mtu angekwenda zake, na jambo lingezikwa na mwenyewe. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili akubali.

"Itanisaidia," Wivine akaendelea, "sababu siku ya pili yake napanda."

"Unapanda wapi?"

"Kalengera. Nilishasema ku shule. Mwaka huu ninasimamisha."

"Wivine. Njia imefungwa. Kule ni mabomu."

"Pikipiki zinapitaka porini." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Mama alikaa miaka kumi na moja. Papa akikuya sasa, atakuta nani? Ile nyumba haiwezi kufungwa, mama. Ni neno yake ya mwisho aliachia majirani."

"Usipande."

"Bote banasema vile. Mama Ernestine analia kila siku. Lakini hata ule Mishi walimwambia."

Aliweka kikombe chini, akashukuru, akasimama. Akatoka mlangoni, akapita kando ya pipa la maji, akashika komeo la geti la bati. Nsimire alimtazama mgongoni. Kwa mgongo alikuwa Kaswera kabisa, ilibaki koti tu. Akafikiri juu ya siku ile alipofika Munigi akakuta mahali pa mbele pako wazi, na Kaswera akiwa bado njiani pengine, akitembea, akiwa hajafika mbali. Hakumfuata. Alifungua kitabu kingine akasoma.

"Wivine," akaita. "Rudi kwanza."

Aliingia chumbani, akapiga goti lile bovu chini mbele ya sanduku, akatoa vitenge kimoja kimoja mpaka akafika chini. Kitabu kilikuwa kimechukua harufu ya nondo. Alimpa Wivine, akakaa mkabala naye, mikono ameibana kati ya magoti.

Wivine alishangaa, akamtazama yeye, akatazama kitabu, na kwa adabu hakuuliza. Alifungua nyuma. Alisoma sura ya mwisho yote, kwa shida mwanzoni, kidole chini ya mstari, maana Kiswahili kile cha pwani kilimtoroka hapa na pale. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaimba hesabu za shule. Mishi akazeeka. Mishi akauza nyumba. Nsimire alijua yuko kwenye sentensi gani kwa kuangalia kidole. Kidole kilifika kwenye basi, kikafika kwenye kiti, kikasimama.

Msichana alifunua ukurasa akitafuta unaofuata. Akakuta karatasi yenye mistari. Akasoma neno la Donatille, akatabasamu. Akasoma neno la mama yake, akaweka kiganja juu yake kana kwamba lingepeperuka. Kisha akasoma waliouliza na waliojibu, mpaka chini. Akarudi kwenye ukurasa uliochapwa, akausoma tena, haraka safari hii, midomo ikicheza.

"Mama Bitabu, fasi bwana yake anarudi iko wapi?"

Majibu yalikuwepo. Yalikuwa yameandikwa palepale na watu wengine: chapa nyingine, labda. Ukurasa uliochanika. Uzee wa Mama Bitabu, ambaye siku hizi anachanganya vitabu. Msichana angeyakubali yote, na angepanda pikipiki ya siku ya pili akiwa ameyakubali.

"Haiko mu kitabu," alisema Nsimire, na sauti yake ilikuwa ndogo hata Wivine akalazimika kuinama ili aisikie. "Ni mimi nilimurudisha, sababu mama yako alikuwa ananiangalia."